Kuifikia kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali hata kama hamna mtu aliyelogini

Kuna shida moja inawapata watu wengi wanaoacha kompyuta nyumbani ikiwa imewashwa ili waiingilie wakiwa mbali: ukiwa umelogini inapatikana vizuri tu, ukitoka kwenye akaunti au ikijiristati yenyewe usiku inapotea hewani kabisa. Mimi ilishanikuta, niko safarini siku ya pili tu, nahitaji faili liko kwenye mashine ya nyumbani, nafungua laptopu naambiwa mashine iko offlaini, na kumbe wala haikuzima na umeme haukukatika, ilichofanya ni kupokea apdeti ya usiku ikajiristati ikarudi mpaka kwenye skrini ya kuomba paswedi ikasimama hapo inasubiri mtu. Ilisubiri wiki nzima. Niliporudi nilikaa na hili jambo mpaka nikalielewa, na naandika yote hapa sababu maelezo mengi yanakwambia pakua programu fulani basi umemaliza, wakati programu ndo kipande kidogo kuliko vyote.

Cha kushika kwanza ni hiki. Kwenye kompyuta kuna vitu vinaendeshwa na mfumo wenyewe na kuna vitu vinaendeshwa na akaunti yako. Vya mfumo vinaamka mashine ikiwaka tu, hujagusa hata kibodi, kwenye Windows vinaitwa Services, kwenye Linux vinasimamiwa na systemd, kwenye Mac na launchd. Vya akaunti yako vinaamka ukiingia na vinakufa ukitoka. Zile alama ndogo ndogo pembeni ya saa chini ya skrini, nyingi ni vya kwako, yaani ukitoka navyo vinatoka. Sasa ili uifikie mashine ambayo hamna mtu ndani yake, kila kiungo cha mnyororo inabidi kiwe mikononi mwa mfumo: mashine isilale, netiweki iunganike yenyewe, kuwe na njia ya kutoka nje kuja ndani, na kuwe na mlango wa kuingilia. Kiungo kimoja tu kikiwa chini ya akaunti yako, vyote vingine havikusaidii.

Na usichanganye kufunga skrini na kutoka kwenye akaunti. Ukibonyeza Windows na L unafunga skrini tu, programu zako zote bado zinakimbia kwa nyuma, ndo maana mtu anajaribu hivyo anaona inafanya kazi anaondoka na amani, halafu mashine ikijiristati anashangaa.

Tuanze na kulala, sababu mashine iliyolala hata ukiseti mengine vizuri vipi haikusikii.

Kwenye Windows ingia Settings, System, Power, weka "Never" kwenye kulala ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Au fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi uandike hizi mbili, ni haraka zaidi:

powercfg /change standby-timeout-ac 0
powercfg /change hibernate-timeout-ac 0

Skrini yenyewe iache izime, haina shida, inaokoa umeme. Halafu nenda Device Manager, fungua Network adapters, bonyeza mara mbili kadi yako ya netiweki, kwenye kichupo cha Power Management toa tiki pale inaposema kompyuta inaruhusiwa kuzima hicho kifaa ili kuokoa umeme. Hii watu wanairuka sana, mashine iko macho kabisa ila kadi ya netiweki ndo imesinzia, ukiwa nje huwezi kutofautisha. Kama ni laptopu tafuta pia setingi ya nini kitokee ukifunga kifuniko, weka isifanye chochote, na uiweke juu ya kitu kigumu chenye hewa, si kwenye godoro wala kitambaa, maana itakaa imewaka siku nyingi. Kama laptopu yako ina setingi ya kuzuia betri isijae kupita asilimia 80 basi iwashe, betri inayokaa imejaa 100 na joto muda wote inachakaa haraka.

Kwenye Linux yenye GNOME (ile sura ya skrini yenye madirisha inayokuja na Ubuntu na nyingine) kuna mtego ambao ulinichukua jioni mbili kuugundua. Unaweka kwenye setingi zako kwamba mashine isilale, unatoka kwenye akaunti, unaiingilia kwa SSH (njia ya kuendesha mashine ukiwa mbali kwa kuandika amri) vizuri, baada ya dakika 20 hivi inakatika. Sababu ni kwamba skrini ya kulogini nayo ina mtumiaji wake wa ndani anaitwa gdm, na huyo ana setingi zake za umeme ambazo hazina habari na zako, yeye anaona hamna mtu anagusa kibodi analaza mashine, hata kama we uko ndani kwa SSH unafanya kazi. Dawa ya moja kwa moja ni kuufungia mfumo mzima usiweze kulala:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Ukitaka kurudisha siku moja unaandika unmask badala ya mask. Kwa kifuniko cha laptopu fungua /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, toa alama ya # mbele yake, andika HandleLidSwitch=ignore, halafu ristati mashine.

Mac ni mistari miwili kwenye Terminal, wa kwanza usilale, wa pili ijiwashe yenyewe umeme ukikatika na kurudi:

sudo pmset -a sleep 0
sudo pmset -a autorestart 1

Kwa kompyuta za mezani zisizo Mac hiyo ya kujiwasha umeme ukirudi iko ndani ya BIOS, zile setingi za mashine yenyewe kabla Windows au Linux haijaamka, ingia wakati inawaka, tafuta maneno kama "Restore on AC Power Loss" au "After Power Failure" uweke "Power On". Jina linatofautiana kwa kila mtengenezaji ila karibu zote zinayo. Bila hiyo umeme ukikatika sekunde tano ukiwa mbali, kompyuta inabaki imezima mpaka mtu akabonyeze kitufe. Na kama una UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) chomeka ruta pia humo, maana kompyuta hai na ruta imekufa ni sawa na hakuna.

Kuna na suala la diski iliyofungwa kwa siri, hapa ndo watu wanakwama kabisa. FileVault ya Mac, BitLocker yenye PIN ya kuwashia, LUKS ya Linux, hizi zote mashine ikiristati zinasimama kuomba nenosiri kabla mfumo haujaamka vizuri, kwa hiyo hata huduma zako za mfumo bado hazijazaliwa. BitLocker ya kawaida inayotumia chipu ya TPM (inayotunza ufunguo ndani ya mashine) bila PIN haina shida, inajifungua yenyewe. Kwa LUKS kwenye Debian au Ubuntu kuna kifurushi kinaitwa dropbear-initramfs, kinakupa SSH ndogo hapo hapo kwenye hatua ya kufungua diski, unaingia unaandika nenosiri lako mashine inaendelea, kwa waya wa netiweki kinafanya kazi vizuri sana, kwa waifai ni mateso. Kwa Mac ukitaka kuiristati kwa makusudi ukiwa mbali, andika sudo fdesetup authrestart, itakuomba nenosiri sasa hivi na itapita ile skrini mara hiyo moja. Mi sikushauri uondoe huo ulinzi wa diski kwenye laptopu unayotembea nayo eti ili uifikie kirahisi, laptopu ikiibiwa utajuta. Kompyuta ya mezani isiyotoka ndani, hiyo uamuzi ni wako.

Sasa netiweki. Kama unaweza kuchomeka waya kutoka kwenye ruta, chomeka, utakuwa umejiondolea nusu ya matatizo ya hapa. Waya hauulizi paswedi, haujali nani kalogini, ukichomekwa umeunganika.

Waifai ndo ina maneno. Kwenye Linux za mezani nenosiri la waifai mara nyingine linahifadhiwa kwenye mkoba wa funguo wa akaunti yako, na ule mkoba unafunguka ukilogini tu. Hujalogini, hamna nenosiri, hamna waifai. Unaweza kurekebisha kwa kufungua setingi za ile waifai ukaweka tiki kwenye sehemu ya kuruhusu watumiaji wote, au kwa amri moja:

sudo nmcli connection modify "JINA-LA-WAIFAI" connection.permissions "" wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "NENOSIRI"

Hapo nenosiri linahamia kwenye mfumo wenyewe. Kwenye Windows kawaida ukiunga waifai inahifadhiwa kwa watumiaji wote, lakini hakikisha kwa kuandika netsh wlan show profiles, mbele ya jina la waifai yako paandikwe "All User Profile". Ikiwa ni ya mtumiaji mmoja, isahaulishe kisha uiunge upya.

Wakati uko hapo ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kutunza anwani, umpe huyo kompyuta anwani moja isiyobadilika, mfano 192.168.1.50. Usipofanya hivyo leo iko 50, baada ya ruta kuzima na kuwaka iko 53, na ule mpangilio wako wote unaelekea pasipo mtu.

Twende kwenye mlango wenyewe.

Windows ina Remote Desktop ndani yake, na ndo mlango mzuri kuliko yote kwa hii kazi sababu ni huduma ya mfumo kweli kweli, inasubiri hata kama hamna aliyelogini, we ukiingia kutoka mbali ndo unalogini. Tatizo, iko kwenye Windows Pro na Enterprise, Windows Home inaweza kwenda kuingilia nyingine ila yenyewe haiingiliki. Washa kwa Settings, System, Remote Desktop. Mambo matatu yanayokwamisha watu hapo: moja, akaunti isiyo na paswedi kabisa haikubaliwi kuingia kwa netiweki, inabidi uweke. Mbili, ile PIN unayotumia ukiwa mbele ya mashine haifanyi kazi hapa, inataka paswedi halisi ya akaunti, na kama umekuwa ukitumia PIN tangu siku ya kwanza, basi kabla hujaondoka logini mara moja pale pale kwa paswedi yenyewe, au tengeneza akaunti ya ndani ya mashine yenye paswedi ndefu kwa ajili ya hii kazi tu. Tatu, ukimaliza kazi ukifunga dirisha tu kwa alama ya X, akaunti inabaki hai na programu zinaendelea, ukichagua Sign out zinakufa zote. Ukiwa umeacha kitu kinapakua au kinakokotoa, funga kwa X.

Kama una Windows Home, tumia RustDesk, AnyDesk, TeamViewer au Chrome Remote Desktop, yoyote utakayoipenda, ila sikiliza hapa vizuri. Nyingi zinakupa njia mbili, ya kulifungua faili ukatumia bila kuiweka, na ya kuiweka rasmi kwenye mashine. Ya kwanza ni ya kumsaidia mtu dakika kumi kisha basi, inakufa ukitoka kwenye akaunti na haiwezi kuona skrini ya kulogini. Iweke rasmi, halafu uweke nenosiri la kudumu la kuingia bila mtu upande wa pili, maana ukiacha ile namba inayobadilika kila mara nani atakusomea? Chrome Remote Desktop yenyewe inataka PIN ya tarakimu 6 kwenda juu. Ukimaliza andika services.msc kwenye sehemu ya kutafuta, tafuta jina la programu yako kwenye ile orodha ndefu, "Startup Type" iwe "Automatic". Kama jina halimo kwenye orodha, basi hiyo programu inaishi kwenye akaunti yako na itaondoka na wewe.

Kwa wanaopenda maandishi matupu, SSH ni nyepesi na inapita hata kwenye intaneti mbovu. Windows 10 kuanzia toleo la 1809 inayo, unaiwasha kwenye PowerShell ya msimamizi:

Add-WindowsCapability -Online -Name OpenSSH.Server~~~~0.0.1.0
Start-Service sshd
Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic

Ule mstari wa mwisho ndo muhimu, bila huo inafanya kazi leo, ukiristati haipo. Na kama akaunti yako ni ya msimamizi na unataka kuingia kwa ufunguo (faili linalokutambulisha) badala ya paswedi, ufunguo hauwekwi kwenye folda ya .ssh ya kwako, unawekwa kwenye C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys, watu wanahangaika masaa na hii, ufunguo uko sawa, ruhusa ziko sawa, bado inakataa, kumbe inasoma faili jingine kabisa.

Linux ya familia ya Debian na Ubuntu ni hivi:

sudo apt install openssh-server
sudo systemctl enable --now ssh

Kama folda yako ya nyumbani imefungwa kwa siri peke yake, ile ya zamani ya ecryptfs, ufunguo wako ulioko ndani ya folda hiyo hausomeki mpaka uwe umelogini, kwa hiyo SSH itakukatalia ukiwa umetoka na itakukubali ukiwa umo, jambo linaloonekana kama mazingaombwe mpaka uambiwe sababu. Uhamishe ufunguo kwenye folda nje ya hapo na umwambie sshd (huduma ya SSH yenyewe) kwa mstari wa AuthorizedKeysFile kwenye faili lake la sshd_config.

Ukitaka kuona skrini kwenye Linux hali imekuwa nzuri karibuni. GNOME 46 ya mwaka 2024 ilileta uwezo wa kuingia kutoka mbali bila mtu kuwa amelogini, kwenye Ubuntu 24.04 utaikuta Settings, System, Remote Desktop, kuna vichupo viwili, na hapa uwe makini, "Desktop Sharing" inahitaji uwe umelogini tayari, unayoitaka we ni "Remote Login". Matoleo ya zamani tumia xrdp, programu inayoiga Remote Desktop kwenye Linux, ila usiwe umelogini pale pale kwenye mashine kwa akaunti hiyo hiyo, mara nyingi utapata skrini nyeusi tu. Mac ingia System Settings, General, Sharing, washa "Remote Login" kwa SSH na "Screen Sharing" kwa skrini, basi.

Njia ya kutoka nje sasa, na hapa naomba unisikilize maana kuna hatari ya kweli.

Maelezo mengi ya zamani yatakwambia fungua poti (njia yenye namba ya kupitishia mawasiliano) kwenye ruta, 3389 ya Remote Desktop uielekeze kwenye kompyuta yako. Usifanye hivyo. Kuna mashine zinazokagua intaneti yote mchana na usiku zikitafuta hiyo poti, na ukiifungua majaribio ya kuotea paswedi yanaanza bila wewe kumwambia mtu yeyote. Mwaka 2019 lilitangazwa tundu lililoitwa BlueKeep, kwenye Windows 7 na zingine za zamani mtu aliweza kuingia kupitia Remote Desktop bila hata kuwa na paswedi. Na wanaofunga mafaili ya watu wakidai pesa, Remote Desktop iliyoachwa wazi ni moja ya njia wanazozipenda sana. Na hata ukitaka kufungua poti, siku hizi intaneti nyingi haikupi anwani yako mwenyewe, unachangia na wateja wengine. Ukiangalia kwenye ruta anwani ya upande wa nje ukakuta inaanzia 100.64 mpaka 100.127, ndo hivyo, uko nyuma ya ukuta wa mtoa huduma na poti utakayofungua haifiki popote.

Njia inayofaa ni kujenga netiweki binafsi kati ya vifaa vyako. WireGuard, programu ya kujenga netiweki za namna hiyo, ndo msingi, imo ndani ya kernel (kiini) ya Linux tangu 5.6 ya mwaka 2020, ila kuisimamisha mwenyewe kunataka anwani ya nje. Kwa wengi wetu Tailscale inaondoa hiyo kazi, inatumia WireGuard ndani na inajua kupenya hata nyuma ya ule ukuta wa mtoa huduma, unaiweka kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye simu au laptopu unayotembea nayo, unaingia akaunti moja, kila kifaa kinapata anwani yake inayoanza na 100 na hakuna poti uliyofungua.

Lakini kwa hii mada yetu ina mitego mitatu. Kwanza, kwenye Windows kawaida inakatika ukitoka kwenye akaunti, inabidi ubonyeze alama yake pembeni ya saa, uingie Preferences, uweke tiki kwenye "Run unattended". Hii ndo iliyonikata mimi ile safari, kila kitu kingine kilikuwa sawa. Pili, funguo za vifaa zinaisha muda, kawaida ni siku 180, na zikiisha inataka ulogini upya pale pale kwenye mashine ambayo we uko mbali nayo. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, tafuta hiyo kompyuta, chagua "Disable key expiry". Tatu, kwenye Mac ile programu ya kawaida ya kwenye App Store haianzi kabla hujalogini, inabidi utumie tailscaled ya mistari inayokaa kama huduma ya mfumo. Linux haina shida, ukiiweka inakuwa huduma moja kwa moja.

Hata ndani ya netiweki binafsi fanya SSH iwe ya funguo tu. Tengeneza kwa ssh-keygen -t ed25519, ipeleke kwa ssh-copy-id, jaribu kuingia, na ukishaona inakubali ndo uweke PasswordAuthentication no kwenye sshd_config. Mpangilio huo huo, usianze na mwisho ukajifungia nje.

Bado programu zako zingine. Kuifikia mashine ni jambo moja, ila kama ulitaka iwe inafanya kitu ukiwa haupo, mfano kunakili mafaili au kuendesha seva ndogo ya picha, nacho kinatakiwa kitoke kwenye akaunti. Windows tumia Task Scheduler, kwenye kazi uliyoitengeneza chagua "Run whether user is logged on or not" na kianzio kiwe "At startup", na kumbuka zile herufi za diski za netiweki kama Z: hazipo kwa kazi ya namna hiyo, andika njia kamili kama \\seva\folda. Linux kama una huduma zako za mtumiaji ndani ya systemd, andika sudo loginctl enable-linger ukifuatisha na jina lako la mtumiaji, hapo zinaanza mashine ikiwaka na hazifi ukitoka. Na ukifanya kazi ndefu kwa SSH fanya ndani ya tmux, programu inayoshikilia dirisha lako la amri, intaneti ikikatika kazi inaendelea, ukirudi unaandika tmux attach unaikuta ilipofika.

Kuna mtu atasema kwanini nisiweke tu kompyuta ilogini yenyewe ikiwaka, mambo yote haya yaishe. Inawezekana, na inafanya kazi, ila maana yake yeyote atakayeingia chumbani akaibonyeza kitufe yuko ndani ya barua pepe zako na paswedi zako zote. Mi siifanyi na sikushauri, labda kwa mashine ambayo haina kitu chako ndani.

Wapo pia wasiotaka mashine iwake masaa 24, wanataka ilale na waiamshe wakiihitaji. Hiyo inaitwa Wake-on-LAN, unatuma kifurushi kidogo chenye anwani ya kadi ya netiweki imerudiwa mara 16, kadi ikikiona inaamsha mashine. Unaiwasha kwenye BIOS, unaiwasha na kwenye kadi, na kwenye Windows uzime "Fast Startup". Ila kifurushi hicho hakipiti kirahisi kwenye intaneti, inabidi pawe na kitu kingine kidogo kinachokaa macho nyumbani ili kikitume, ruta yenye uwezo huo au Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo. Na Windows ikiamshwa hivyo bila mtu kulogini ina tabia ya kurudi kulala baada ya dakika 2, kwa hiyo amsha na uingie hapo hapo.

Mwisho ni kujaribu, na kujaribu kwenyewe kuna namna yake. Ristati kompyuta. Usilogini, usiguse chochote, iache kwenye skrini ya kuomba paswedi. Chukua simu, zima waifai, tumia bando, maana ukiwa kwenye waifai ya nyumbani utafika hata kama njia ya nje haipo. Ingia. Ikikubali, toka, subiri dakika 5, ingia tena. Subiri dakika 40, ingia tena, hapo ndo yanajitokeza ya kulala. Iache usiku kucha, asubuhi kabla hujaamka kitandani ingia tena. Halafu chomoa umeme wa kompyuta na wa ruta vyote kwa pamoja, rudisha, usiguse, subiri dakika kumi, ingia. Kama kuna hatua imegoma, angalia ni kiungo kipi: kwenye ukurasa wa Tailscale inaonekana iko hai ila mlango umekataa, basi shida ni mlango, haionekani kabisa, shida ni kulala au netiweki.

Na uweke milango miwili, siku zote miwili. Mfano Remote Desktop kupitia Tailscale, na pembeni Chrome Remote Desktop ambayo haipiti njia hiyo. Mi sasa hivi niko hivyo, na kwa mtu wa nyumbani anayeweza kushika simu nimeacha karatasi imebandikwa kwenye kompyuta: bonyeza kitufe hiki sekunde kumi mpaka taa izime, hesabu mpaka thelathini, bonyeza tena mara moja, usiandike paswedi yoyote.